Bonge Kasoro Vidole Vinne

Fundi Bonge alivaa futi ya kupimia shingoni kama mafundi cherehani wote, ila yake ilikuwa pambo. Namba zake zilishafutika kwa jasho na chaki, na hakuna mteja aliyewahi kuiona ikishuka kwenda kufanya kazi. Bonge alipima watu kwa kuwakumbatia.

Mteja aliingia kibandani, akasalimiwa, akaombwa atoe funguo na simu mifukoni, kisha Fundi akamkumbatia kifua kwa kifua na tumbo kwa tumbo, macho amefumba, kimya, kama anayempokea ndugu aliyetoka safari ndefu. Wageni walihangaika wasijue mikono waiweke wapi, na kabla hawajaamua kazi ilikuwa imekwisha. "Wewe ni mimi kasoro vidole vinne," aliwaambia. Au kifuani mimi kamili, kiunoni toa vitatu. Hakuandika popote. Maneno hayo yalimkaa kichwani milele. Mteja akipiga simu baada ya miaka miwili kuomba suruali nyingine, Bonge aliikata, akaiunga kwa nyuzi za muda, akaivaa yeye mwenyewe mbele ya kioo kirefu, akashika vidole vinne vya kitambaa kiunoni na kupitisha mshono hapo hapo. Nguo ikimfikia mwenyewe, ilimkaa kama aliyezaliwa nayo.

Kwa hiyo mwili wake ndio uliokuwa karakana. Ulikuwa mwili mpana, wa duara, mtulivu, wenye tumbo lililotangulia mlangoni kama mjumbe. Jina la Bonge alipewa na kinyozi wa kibanda cha jirani, naye hakununa. Alilipaka juu ya mlango kwa rangi nyekundu. "Wengine wana vyeti," alisema akilipiga tumbo kofi. "Mimi nina hili."

Taabu ni kwamba ndani ya karakana hiyo kulikuwa na sukari.

Alikuwa nayo kwa miaka. Vidonge alipewa, akavimeza siku alizokumbuka, na hata alipoanza kukumbuka kila siku, sukari ilikuwa imeshazoea kukaa juu na haikutaka kushuka. Kiu hakuijali. Safari za chooni hakuzijali. Kilichomsumbua ni tundu la sindano, ambalo lilikuwa limeanza kumkimbia. Alilenga uzi hapa, tundu likawa pale. Mkewe akaligundua hilo kabla hajaambiwa, na tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye duka la viatu alikouza, alipitia kibandani, akaketi kwenye kigoda, akatunga uzi sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye sponji juu ya meza. Bonge alizitumia mpaka zikaisha. Zikiisha mapema alimwita kinyozi, na kinyozi alimtungia kwa malipo ya maneno. Alimuuliza kama hata harusini alimwita mtu mwingine amvishie mkewe pete.

Daktari wa kliniki ya sukari alitazama majibu ya damu, akatazama macho na miguu, akaongeza dawa ya sindano ya mara moja kwa wiki. Bonge akatoka jasho. Mtu huyu alishika pini midomoni maisha yake yote, na siku cherehani ilipompitia kwenye kidole gumba alimalizia kwanza pindo la suruali ndipo akaangalia damu. Lakini sindano ya hospitali ilikuwa jambo jingine. Aliuliza kama ipo ya kunywa.

Nesi, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuamrisha, alimwonyesha kitu mfano wa kalamu nene, chenye ncha nyembamba kuliko pini zote alizowahi kushika, akamweleza taratibu. Chakula kikifika utumboni, alisema, utumbo hutuma mjumbe kwenye kongosho kusema mgeni amefika, toeni insulini. Kwa mtu kama yeye mjumbe huyo hasikiki vizuri, na mwili humfuta kazi baada ya dakika chache. Dawa iliyomo kwenye kalamu imetengenezwa ifanane na mjumbe huyo, ila inadumu wiki nzima.

Bonge alifikiri. Akauliza kama ni sawa na mtu aliyeshonewa sare ya mjumbe, mshono ule ule, rangi ile ile, ila kitambaa kisichochuja.

Nesi akasema hakuwahi kulisikia likielezwa hivyo, lakini ndiyo.

"Kwa hiyo dawa yenyewe ni tapeli."

"Tapeli mwenye faida," nesi alijibu. Si insulini, alimfafanulia. Inaiamsha ile ya kwake mwenyewe, tena hasa sukari inapopanda. Inalikataza ini kutoa sukari ya akiba wakati damu imeshajaa. Inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inapeleka habari kichwani kwamba umeshiba. Ndiyo maana wengi hupungua uzito, wengine sana, wengine kidogo. Ataanza na dozi ndogo na kupandishwa polepole. Anaweza kusikia kichefuchefu. Akipata maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, aje mbio. Na asiache bila kumwambia mtu, kwa sababu ukiiacha njaa hurudi, uzito hurudi, na sukari hurudi nao.

Siku ya kwanza Bonge alikunja shati, akatazama dari, akauliza wataanza lini. Nesi alimwambia wameshamaliza.

Ugomvi wa kwanza ulizuka mezani kwake. Mkewe alipakua kama kawaida, Bonge akala nusu na kusogeza sahani. Katika nyumba ile sahani haikuwahi kusogezwa. Iliondolewa ikiwa safi. Mkewe alionja chumvi. Chumvi ilikuwa sawa. Siku ya pili akaonja tena. Siku ya tatu akaketi mbele yake na kumuuliza kwa upole wa kutisha ni nani huyo anayemlisha.

Alimweleza habari za mjumbe. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuletewa uongo mtamu kama huo, na kesho yake akaenda kliniki mwenyewe kumuuliza nesi. Alirudi amelainika, akiwa na maagizo: apakue kidogo, mayai na maharage yasikosekane ili misuli nayo isiyeyuke, mume ale taratibu, aache anaposhiba. Wiki za mwanzo harufu ya mafuta ya kukaangia ilimtoa Bonge nje akasimama uani kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Kisha hilo likapita. Sukari ikaanza kushuka. Mkanda ukaingia tundu la ndani, halafu ukahitaji tundu jipya.

Na suruali zake? Alizipunguza mwenyewe, huku anangoja pasi ipate moto. Kidole kimoja hapa, baada ya muda kidole kingine. Mkono ulifanya kazi yake ya siku zote bila kukiarifu kichwa. Kioo nacho hakikumsaidia, kwa sababu alipojitazama aliangalia nguo. Aliyekuwa ndani hakumhusu.

Mtaa uliona kabla yake. Wengine walimsalimia kwa sauti ya chini, kama wanaoingia wodini. Kinyozi hakuzunguka, alisimama mlangoni na kitana mkononi, akauliza, "Bonge, tuanze kuchanga?" Alipoelezwa ni dawa ya sukari, akalitazama tumbo lake mwenyewe, akaomba adungwe kidogo tu, hapa mbele. Bonge akalifikisha ombi kliniki. Nesi nusura ainuke kitini: kalamu ile si kitana cha kupokezana, haitumiwi na mtu wa pili hata siku moja, na mwenye haja aje apimwe, daktari ndiye aamue. Kinyozi aliposikia atatolewa damu, alisema tumbo lake halina haraka.

Kinyozi huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuletewa suruali isiyofunga.

Bonge alimtazama kwa huruma. "Umenenepa, ndugu yangu."

Kinyozi alikataa, akavuta pumzi, akajaribu tena, kifungo kikagoma. Wiki iliyofuata karani wa mahakama alilalamika koti linambana kwapani. Akafuata dereva wa gari la maji, ambaye alikaa mara moja tu katika suruali mpya, na mara moja hiyo ilitosha. Wote walikuwa wateja wa zamani. Wateja wapya, waliokumbatiwa juzi na jana, nguo zao ziliwakaa vizuri, kwa hiyo Bonge alijua kwa hakika mkono wake hauna kosa. Ni watu wanajiachia. Akaanza kuwapa nasaha pamoja na nguo: wapunguze wanga, watembee, wasile wamesimama. Alinasihi kwa raha ya mtu aliyeokoka juzi. Kinyozi aliacha mkate.

Hapo ndipo shemeji yake alipoagiza suti.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, mwalimu mkuu wa shule, mtu mkubwa wa umbo na wa maneno machache. Tangu dada yake aolewe na fundi cherehani, hakuwahi kusema neno baya juu ya ufundi huo. Wala zuri. Sasa alikuwa anastaafu. Jumamosi saa nane angesimama uwanjani mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wake kuaga, na alitaka asimame ndani ya suti ya Bonge. Hakusema kwa nini. Mke wa Bonge alimwambia mumewe jikoni, bila kumtazama, kwamba hiyo suti isiharibike.

Bonge aliichukua kazi ile kama mtihani. Tena ulikuwa mtihani mwepesi, maana kati ya wateja wake wote Mwalimu Mkuu alikuwa pekee asiye na kidole cha kuongeza wala kutoa. Mimi kamili: ndivyo alivyomhifadhi kichwani. Alikata kitambaa cha buluu iliyokoza, akaweka bitana ya hariri, akalaza kola kwa mkono, akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo. Ilimkaa bila mkunjo. Alimwita kinyozi aje aone.

"Kama umemwagiwa," kinyozi alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na dhihaka.

Ijumaa alasiri Mwalimu Mkuu alikuja kujaribu, na dada yake akaja kushuhudia. Koti liliingia mikono yote miwili, kisha likagoma, likamfunga mabega kwa nyuma kama mtu aliyekamatwa. Alilivua. Suruali ilipanda mpaka mapajani, ikapumzika hapo. Alipotoka nyuma ya pazia, amevaa yake aliyokuja nayo, Bonge alikusanya ushujaa.

"Shemeji, naona umeongezeka."

Mwalimu Mkuu alichukua koti alilokuwa amekuja nalo, akalivaa, akafunga kifungo cha juu, cha kati na cha chini, kimoja kimoja, kama anayeandika ubaoni. Vyote vilifunga bila kulazimishwa.

"Hili nani alilishona?"

Alilishona Bonge, miaka mitatu nyuma. Kila mtu mle ndani alijua.

Mkewe akasimama. Alimvua kaka yake lile koti, akamvisha mume wake. Mabega yalimporomokea, na kwa mbele ungeweza kumfunga Bonge na mgeni wake. Akamshika, akamgeuza kwenye kioo, akamwambia aache kutazama koti, amtazame mtu.

Bonge alitazama. Alimwona mwanamume mwenye shingo. Alikuwa na mifupa mashavuni, macho makubwa kidogo, na mahali lilipokuwa tumbo palikuwa na kivuli cha koti.

"Huyu nani?" aliuliza.

Mkewe alicheka mpaka akaangukia lundo la vipande vya vitambaa kwenye kona, akaendelea kucheka humo. Mwalimu Mkuu hakucheka, ingawa mdomo wake ulifanya jambo ambalo shuleni haukuwahi kulifanya. Lakini Bonge alikuwa amesimama palepale, anawakumbuka wote: kinyozi na mkate wake, karani, dereva wa gari la maji. Watu wote aliowabeba tumboni kwa vidole vyao, na tumbo lilivyopotea, lilipotea nao.

"Mimi kesho nitavaa nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

Bonge akasema suti itakuwa tayari. Kisha akasema jambo la pili, akiangalia sakafu. "Na hiyo sindano, basi. Sichomi tena."

Kicheko kwenye lundo kikakatika.

Njia nzima ya kurudi nyumbani walibishana. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya sindano, na yeye alisema kesho hataigusa. Mkewe alimkumbusha maneno ya nesi: ukiacha, mwili unarudi. Bonge akasema ndicho anachokitaka, nesi mwenyewe kaahidi, basi urudi. "Na sukari je?" mkewe aliuliza. "Yenyewe itabaki nje inagonga mlango?" Bonge akajibu kwamba nesi ana kazi yake, daktari ana yake, na yeye kazi yake ilikuwa mbele ya mkanda, na sasa haipo. Nyumbani walikula, yeye nusu sahani.

Asubuhi alipita mbele ya friji, ambayo mlangoni mwake kalamu ilikuwa imelala karibu na mayai, kama anavyompita jirani waliyekosana naye. Akaenda kibandani, akafumua suti. Hilo angalau alijifunza vizuri ujanani: ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha kutosha, akiba ya siku ya kunenepa. Alifungua ubavu, akafungua mgongo, akatoa bitana.

Mkewe alifika na mkoba wa mkononi na furushi. Ndani ya mkoba kulikuwa na kalamu. Ndani ya furushi kulikuwa na suti ya Bonge ya zamani, ile kubwa, aliyoitoa chini kabisa ya kabati akidhani itafaa kwa kipimo. Aliviweka vyote viwili chini. Aliketi kwenye kigoda chake, na kwa mazoea akavuta sponji ili amtungie uzi. Sponji ilikuwa tupu. Sindano moja tu, yenye kutu, ilisimama katikati. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alitunga, akashindwa. Siku moja alichelewa kazini akapitiliza, na kesho yake akapitiliza tena, na hakuna aliyemuuliza.

Mbele yake Bonge alikuwa anashikiza bitana kwa mkono na kulalamika. Alilalamikia kliniki, alilalamikia utapeli wa kuvaa sare za watu. Uzi ukamwishia. Akaukata kwa meno, akavuta mwingine, akaulowesha ncha, akaupitisha kwenye tundu mara moja tu, huku bado analalamika.

"Nani amekutungia?" mkewe aliuliza.

Bonge aliitazama sindano mkononi mwake na uzi uliopita ndani yake, mkia wake ukining'inia. Alitazama upande wa kinyozi. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu.

"Mimi," alisema polepole, kama aliyeshikwa.

Nje gari lilipita, vumbi likaingia likaelea kwenye mwanga wa dirisha, na Bonge aliliona, punje kwa punje. Alikumbuka jinsi mambo madogo yalivyoanza kumtoroka moja moja, tundu la sindano, kisha namba kwenye simu, kisha nyuso za watu wa ng'ambo ya barabara, naye akajiambia ni umri. Yalikuwa yamerudi bila kubisha hodi, na yeye alikuwa anahesabu tu kilichoondoka.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Mama Watoto, usinitese. Nipe."

Alifungua shati, akabana kilichobaki cha tumbo lake, akachoma. Hakutazama dari.

Kisha akafungua furushi. Aliitandaza suti yake kuukuu juu ya meza, akaitazama, akalitazama lundo la vipande kwenye kona, na bila kueleza akaanza kuujaza ule mwili. Alianza na vipande vya suruali za kinyozi, akafuatisha sare za shule, makoti ya karani, mashati ya watu waliohama na waliokufa, vitambaa vya miaka yote, akavisindilia miguuni, tumboni na kifuani, mkewe akishona shingo na mikono. Wakamsimamisha kwenye mpini wa ufagio. Bonge alisogea, akafumba macho, akamkumbatia.

"Ndiye," alisema. "Tumbo bado."

Waliongeza suruali mbili za dereva wa gari la maji. Baada ya hapo alimvisha suti ya Mwalimu Mkuu, akapitisha mshono, na saa nane ilipofika suti ilikuwa uwanjani na mwenyewe ndani yake.

Mwalimu Mkuu alizungumza kwa ufupi, kama kawaida yake. Mwisho wanafunzi walipiga kelele, naye akasahau ukubwa wake, akainua mikono yote miwili juu kabisa. Bonge, aliyekaa safu ya nyuma, alifumba macho. Alisubiri mlio wa mshono kukatika. Mlio haukuja. Alipoyafumbua, shemeji yake alikuwa anapita kati ya watu akiagana nao, mpaka akamfikia. Alimtazama juu mpaka chini, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Umepungua, shemeji," alisema. "Na kazi ni nzuri."

Jumatatu Bonge alizunguka kwa wateja wa zamani kukusanya nguo za kufumua na kuomba radhi. Walimsamehe upesi kuliko alivyotarajia, isipokuwa kinyozi, aliyedai arudishiwe mikate yake yote. Yule Bonge wa vipande, waliyemsimamisha kwenye kona, wakampa kofia, na watoto wanaotumwa nguo humwamkia shikamoo kabla ya kumsalimia mwenye kibanda. Mteja mpya akiingia hukumbatiwa mara mbili: kwanza na Bonge, kwa ajili ya adabu, kisha husukumwa kwenye kona akakumbatiwe na Bonge mwingine, ndipo vidole vihesabiwe.

Na kila Jumamosi, akishachoma sindano na kufunga shati, Fundi huenda kwenye ile kona mwenyewe, akamkumbatia, akajipima. Mwanzoni alikuwa Bonge mwingine kasoro vidole vinne. Sasa, anasema, vidole vya mkono mmoja havitoshi, na kinyozi amekataa kumwazima vyake.